Positroni zenye spini iliyopangwa: andyuleta au elektroni zilizopangwa tangu mwanzo?

Positroni ni chembe kama elektroni ila zenye chaji chanya, na spini ni kama mzunguko wa chembe wenyewe; kuna njia mbili za kuzizalisha zikiwa na spini zilizopangwa. Ya kwanza ni andyuleta, safu ya sumaku inayozungusha elektroni katika uga wa sumaku uliojisokota kama parafujo; fotoni (chembe za mwanga) zinazotoka hugonga shabaha na kuzaa positroni zenye spini zinazoelekea upande mmoja. Jaribio la E166 huko SLAC, maabara ya Marekani, lilifikia mpangilio wa spini wa takriban asilimia 80, lakini kwa elektroni zenye nishati ya GeV 46.6 (GeV moja ni MeV 1,000). Nishati hiyo hudai kifaa kikubwa mno! Ndiyo maana naipenda zaidi njia ya pili, ya jaribio la PEPPo katika maabara ya Jefferson Lab, Marekani: elektroni za MeV 8 hivi, zilizokwisha kupangwa kwa asilimia 85, ziligonga shabaha ya metali ya tungsteni zikarithisha positroni mpangilio huo hadi asilimia 82. Ila positroni zilizopangwa vizuri zaidi ndizo chache zaidi. Kusafirisha positroni ni kugumu kwa njia zote mbili, kwani positroni hutoka zimetawanyika na huhitaji kukusanywa mara moja kwa sumaku kali.