Betri ya baiskeli ya umeme imekufa na kampuni imeifunga: ununue ipi ukiwa Mwanza

Mwangaluka wakuu. Toka nianze kupita na baiskeli ya umeme asubuhi, Nyegezi mpaka Mwaloni Kirumba kufata samaki, kila siku kuna mtu ananisimamisha, na swali sio baiskeli, swali ni betri. Nimejibu mmoja mmoja nimechoka. Naandika mara moja, mtu akiuliza namrushia hii.

Baiskeli zenyewe mnazijua, zile mtumba za Japan zenye kikapu mbele, mota iko chini kwenye pedeli na betri imesimama nyuma ya bomba la siti. Nyingi ni Yamaha PAS, Panasonic na Bridgestone. Yamaha ndo wa kwanza duniani kuuza baiskeli ya kusaidiwa na mota, mwaka 1993, kwa hiyo sio kitu kipya, kipya ni kwamba saivi zinatufikia huku. Fremu nzima, mota nzima, bei nzuri, alafu ukiuliza betri muuzaji anaangalia pembeni. Na wachache wana za Ulaya zenye mota ya Bosch, hao ndo wanaumia zaidi, nitaeleza.

Kabla hujatoa hata mia, jua baiskeli yako imefungwa na nini. Ya kwanza ni umbo, kasha lao tu ndo linaingia kwenye reli, hii ni ndogo, fundi anaimaliza. Ya pili ni volti. Za Japan ni kama volti 25, yaani seli (vibetri vidogo vya ndani) 7 zimefatana, ikijaa inasoma 29.4. Kiti za Kichina (kit, yaani seti ya mota na vifaa vyake unayofunga mwenyewe kwenye baiskeli) ni volti 36 (seli 10, ikijaa 42) au 48 (seli 13, ikijaa 54.6). Usichanganye, chaja ya 42 kwenye betri ya 25 sitaki hata kufikiria.

Ya tatu ndo kufuli lenyewe: betri na mota zinaongea. Angalia soketi ya betri. Ukikuta pini mbili nene tu umebahatika. Ukikuta na nyembamba pembeni, ama ni kipimajoto ama ndo humo wanamosalimiana, na mota isipopata salamu inayoijua haizunguki hata uiletee umeme wa Kihansi. Bosch wanatumia mawasiliano ya kidijitali yanaitwa CAN na betri ya kigeni inakataliwa hapohapo. Ulaya wenyewe wamechoka na huu mchezo, sheria yao ya betri namba 2023/1542 inasema kuanzia tarehe 18 Februari 2027 softiwea isitumike kuzuia mtu kubadilisha betri ya baiskeli kwa nyingine inayoendana. Safi, ila hiyo ni ya kwao na baiskeli yako ishashuka bandarini, kwa hiyo tuendelee na yetu.

Sasa mi nazipanga hivi, ya juu ndo ningetolea hela yangu.

NAMBA MOJA: kubadilisha seli ndani ya kasha lako lilelile

Kasha la orijino, bodi ya orijino (ile saketi ya ndani inayolinda seli na kuongea na mota), seli mpya. Mota haijui kitu, inaona betri yake ya zamani imepona. Ndani ya betri hamna uchawi, kuna seli za duara aina ya 18650, upana milimita 18 na urefu milimita 65, zimebandikwa kwa utepe wa nikeli. Hata Bosch PowerPack 500 ni seli 40 tu, kumi kumi zimefatana mara nne.

Ila kuna mtego na umeua betri nyingi hapa mjini. Baadhi ya bodi zikikatiwa umeme wa seli hata sekunde moja zinajifunga moja kwa moja, unarudisha seli mpya kabisa afu taa zinapepesa tu mpaka Yesu arudi. Fundi anayejua anaweka seli za kushikilia umeme pembeni kwanza, ndo anang'oa za zamani. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa fundi sio bei, muulize "bodi utaishikiliaje isizime?" Akicheka, akisema haina shida mkuu, beba betri yako ondoka. Na kwa Bosch hata fundi mzuri anaweza kushindwa, bora akwambie mapema.

Vitu vingine usimamie kwa macho, yaani kaa pale kwenye benchi. Seli ziwe mpya za aina moja na toleo moja, apime volti ya kila moja mbele yako. Asichomelee risasi moja kwa moja kwenye seli, joto linaiharibu, atumie mashine ya kupiga nukta (spot welder). Utepe uwe nikeli kweli, maana kuna chuma kilichopakwa nikeli juu kinauzwa hivohivo. Omba kipande, kikwaruze na msumari, kilaze kwenye maji ya chumvi, kesho kikiwa na kutu umeshajua. Seli za kompyuta mpakato zilizotumika kataa. Kwenye tambarare zinakwenda, ila pandisha nazo Bugando ukiwa na ndoo ya sato nyuma uone zinavyochemka.

Na usishangae kipimo cha chaji kikadanganya mwanzoni, bodi nyingine bado zinakumbuka ule uzee.

NAMBA MBILI: tupa ubongo wa kampuni, weka kiti

Hii wengi hawapendi kuisikia ila kwa mwenye Bosch, au mwenye bodi iliyojifunga, ndo jibu. Unanunua gurudumu lenye mota, kontrola (kisanduku kinachoiongoza mota) na kiskrini, mota ya zamani unaiacha inakaa tu. Toka hapo betri yoyote yenye volti sahihi inakubali, pini mbili tu, hamna salamu.

Na hapa sisi wa ziwani tuna kaujanja. Kuna seli za lithiamu za chuma na fosfeti, LFP, mafundi wa sola wanazo, zile nene za 32700, volti 3.2 na ampea 6 za saa kila moja (huo ndo ujazo wa betri, mtaani tunasema ampea tu). Chukua 24, panga 12 zifatane mara mbili, yaani mistari miwili ubavuni (kufatana kunaongeza volti, ubavuni kunaongeza ampea), unapata volti 38.4 na ampea 12, ni kama wati 460 za saa. Ikijaa inasoma 43.8, jirani kabisa na 42 ya betri ya kawaida ya 36, kontrola nyingi hazina noma nayo, lakini chaja lazima iwe yake ya 43.8 na bodi ya BMS (ile ya kulinda seli) iwe ya LFP. Ni nzito, kilo tatu na kitu seli tupu, na haiingii kwenye kasha la kampuni, inakaa kwenye boksi kwenye keria. Ila inadumu, mizunguko 2,000 na zaidi ni kawaida wakati 18650 nyingi zinaanza kuchoka baada ya 500 mpaka 1,000, na kuwaka moto ni ngumu zaidi. Kama una baiskeli ya kazi, sio ya kupigia picha Bismarck Rock, fikiria sana hii.

NAMBA TATU: betri orijino ya mtumba

Faida ni kwamba inaongea lugha ya mota. Bridgestone nyingi zinatumia mfumo wa Yamaha kwa hiyo hizo mbili zinaweza kubadilishana kama ni kizazi kimoja, Panasonic hapana, usidanganywe na mtu anayekwambia "zote za Japan ni sawa". Betri inazeeka hata ikikaa kabatini, kwa hiyo maneno ya "haijatumika hii" hayana maana. Kwa Yamaha nyingi, bonyeza kile kitufe cha taa za chaji ukishikilie sekunde 20 hivi, taa zitakuonyesha uwezo uliobaki, sio chaji. Nne ni nzuri, mbili nunua kama kasha tu la kwenda kuweka seli, moja mwachie mwenyewe.

NAMBA NNE: betri ya kopi ya modeli yako

Hapa ndo nilipoliwa. Duka silitaji. Betri nyeusi, mpya, inang'aa, stika imeandikwa ampea 16, inaingia kwenye reli taratiiibu kama ya kampuni, mota ikakubali, nikasema mbona watu wanaogopa bure. Wiki tatu. Ya nne nipo Mkuyuni narudi, mvua ya vuli, taa zikaanza kupepesa, mota ikazima, nikasukuma baiskeli na samaki mpaka nyumbani, na ile baiskeli ni nzito jamani.

Fundi alivyofungua: seli 21, rangi tofauti zimevalishwa plastiki mpya, na bodi imeng'olewa kwenye betri ya zamani. Sasa piga hesabu na mimi. Seli 21 ni 7 kufatana mara 3. Ampea 16 gawa kwa 3 ni 5.3 kila seli. 18650 nzuri kabisa inakaa kwenye ampea 3.5. Yaani hata zingekuwa mpya za daraja la kwanza isingezidi 10 na nusu. Ile stika ilikuwa hadithi.

Na ningeijua bila kufungua, ningekuwa na akili ya kuipima tu. Seli moja ya 18650 ni gramu 45 mpaka 48. Ampea 16 za kweli kwa volti 25 zinataka seli kama 35, hiyo ni zaidi ya kilo moja na nusu kabla hujaweka kasha na bodi. Yangu nilikuja kuipachika kwenye mzani wa samaki pale Mwaloni, kasha na vyote, haikufika hata hiyo kilo moja na nusu. Muuza dagaa mmoja akaniambia kaka umeuziwa kwa kisado. Toka siku hiyo nikienda kununua betri nabeba ule mzani mdogo wa ndoano, wenye maduka wananiangalia vibaya, poa tu.

Sisemi kopi zote ni mbaya, zipo zinazofanya kazi. Ila omba dhamana ya maandishi, omba kupandia mlima ndo ulipe, na upime uzito.

NAMBA TANO: betri za asidi

Rahisi kupata, fundi yeyote anazijua, na kwa mwenye kiti ya volti 48 ni betri nne za 12. Kila moja ya ampea 20 ni kilo sita na kitu, zidisha kwa nne, umebeba mtoto wa darasa la pili kila siku. Kwa bajaji sawa.

YA MWISHO, na bora utembee kwa miguu

Zile peki zimefungwa plastiki ya bluu bila jina, au seli za mtandaoni zimeandikwa mAh 9900, yaani ampea 9.9. Hakuna 18650 ya 9900 duniani, ukiona namba hiyo funga ukurasa. Na usimtume shemeji aje nayo kwenye ndege toka Dubai, abiria haruhusiwi betri ya lithiamu ya akiba inayozidi wati 160 za saa, na betri nyingi za baiskeli zinapita hapo, ataachwa nayo uwanjani na lawama utabeba wewe.

Kuhusu moto sitanii. New York mwaka 2023 walikufa watu 18 kwa moto wa betri za lithiamu, nyingi za baiskeli na skuta, na kule zimamoto wanafika kwa dakika. Sisi tunachaji chumba kimoja na godoro, mlango mmoja. Chaji sehemu isiyo njia ya kutokea, usilale ikiwa kwenye chaja, na ikianza kuvimba au kutoa harufu tamu ya ajabu toa watu nje kwanza, baiskeli baadae.

Yangu saivi ni namba moja, kasha la Yamaha la mtumba lililokuwa na taa moja, seli mpya 35, nilimkalia fundi benchini kutwa nzima mpaka akaniagizia na chai. Nyegezi Kirumba na kurudi ni kama kilomita 25 na inabaki, chaji ya jioni inakula nusu uniti ya LUKU. Wanaotaka namba ya fundi sitoi, ana foleni na bado anadaiwa betri ya shemeji yangu.