Miezi saba na lupu ya kamera kwenye jua la Kigoma

Kabla ya lupu, kile kibomba cha kutazamia skrini ya kamera, nilikuwa na kanga. Watu wa Ujiji wanaonijua kwa kazi za harusi wataikumbuka: kamera begani, kanga nimejifunika kichwani pamoja na skrini, watoto wamenizunguka wanacheka, "Mama kajificha!" Jua la huku halina adabu. Saa zetu ni zile zile za Dar, lakini sisi tuko mwisho kabisa wa magharibi, kwa hiyo jua linasimama utosini saa saba mchana, siyo saa sita, na saa kumi bado linachoma. Hizo ndizo saa za shughuli. Skrini inageuka kioo cha kujitazamia: naona ushungi wangu, bi harusi simwoni.

Kamera yangu ni Sony FS7 ya mtumba. Ni toleo la 2014, ya kubeba begani, na pembeni ina skrini ya inchi 3.5. Juu ya skrini hiyo unapachika kibomba cheusi chenye lenzi na mpira wa jicho, na hapo skrini imekuwa vyufainda, yaani tundu la kutazamia kwa jicho moja. Kibomba hicho ndicho lupu. Mwenye kamera wa kwanza alishakipoteza chake, na mimi nikanunua bila kujua kuna kitu kimepungua. Cha asili nikashindwa bei. Nikaagiza Kariakoo cha kampuni nyingine, isiyo na jina la kujivunia, shilingi 190,000, kikaja na basi kimefungwa kwenye boksi la biskuti.

Muuzaji aliapa kinaingia "kama soksi". Hakikuingia kama soksi. Kilicheza, na mwanga ukapenya kwa chini kama mlango wa banda la kuku. Nikakata kipande cha ndala kuukuu, nikakigundisha kwenye ukingo, tangu hapo kimetulia. Pia ni kizito. Mkono wa skrini yangu umeshapita mikononi mwa watu, kwa hiyo kila nikitembea lupu ilikuwa inainama kidogo kidogo kama mzee anayesinzia msibani. Fundi baiskeli wa mtaa wa Mwanga akanikatia mpira wa tyubu, nimeufunga kutoka kwenye mshikio wa juu. Haupendezi, ila unafanya kazi.

Sasa raha yake. Nina miaka 47 na miwani ya kusomea inaning'inia shingoni. Kazi ya video ilikuwa imeanza kunichosha kwa sababu hiyo tu: nikivaa miwani naona skrini ila sioni ukumbi, nikiivua naona ukumbi na skrini imekuwa uji. Lupu ina gurudumu dogo la kurekebisha kwa macho yako. Jambo nililojifunza kwa kukosea: usilizungushe ukiwa unatazama picha, maana picha yenyewe inaweza kuwa haiko kwenye fokasi na wewe ukadhani ni macho yako. Tazama maandishi, yale ya betri na ya muda wa kurekodi. Yakikaa kama yamechorwa na kalamu ya wino, acha, usiguse tena. Miwani yangu sasa inashinda kwenye begi.

Nina mfano wa kabla na baada. Mwaka jana nilirekodi mama mmoja muuza dagaa pale Kibirizi, ufukweni mwa ziwa, mchana, kwa kanga. Alizungumza vizuri mno, juu ya bei, juu ya upepo, juu ya mume aliyekwenda Kalemie, Kongo, akarudi na mke wa pili. Nimefika nyumbani, nimefungua kwenye kompyuta: dagaa kwenye ungo wanaonekana mmoja mmoja hadi jicho, uso wa mama ni moshi. Niliona aibu kumrudia. Mwaka huu nimemrudia, na lupu, mahali palepale. Nimeona kope zake zikicheza wakati bado narekodi, siyo usiku mezani. Akataka na yeye atazame. Nikamwelekezea kamera kwenye ungo wake, akaweka jicho, akakaa kimya, halafu akasema, "Kumbe huu mchanga wote wanauona wateja?" Akaanza kupepeta upya.

Lakini msidanganywe na wauzaji kwamba lupu inakuonyesha kila kitu. Skrini ya kamera hii ina nukta 960 kwa 540. Picha ya 4K inayorekodiwa ni 3840 kwa 2160, yaani nukta mara 16 zaidi. Lupu inakuza kilichopo kwenye skrini. Kisichokuwepo haiwezi kukizua. Kwa hiyo kama ni 4K na lenzi nimeifungua sana, fokasi ikawa finyu, bado nabonyeza kitufe cha kukuza picha, nahakiki jicho la mtu, narudi. Mwangaza nao ni vivyo hivyo: mistari ya pundamilia juu ya sehemu zilizozidi mwanga naiwasha kila mara. Tofauti ni kwamba sasa naiona. Zamani skrini ikififia juani nilikuwa nafungua lenzi kufidia, na nyuso za watu zinaondoka nyeupe kama unga wa muhogo.

Faida nyingine sikuitegemea kabisa, nayo ni utulivu wa mkono. Kamera imekaa begani, mkono umeshika, na sasa paji la uso na shavu vimeegemea. Nimemfuata bwana harusi kutoka kwenye gari hadi mlango wa msikiti bila picha kuyumba, na sikuwa na stendi.

Haya, kovu. Kwenye skrini yangu, upande wa kushoto, kuna doa la kahawia ukubwa wa punje ya ulezi. Lile nimelitengeneza mwenyewe mwezi wa pili wa kuwa na lupu. Ilikuwa Kibirizi hapohapo, saa kumi na moja jioni. Tulifundishwa wote: mpe jua mgongo, limwangaze unayempiga. Huku Kigoma jua linazama upande wa Kongo, ng'ambo ya ziwa, kwa hiyo niliweka stendi, kamera ikitazama mji, mgongo wa kamera ukitazama maji. Nikaenda kunywa chai. Kifuniko cha lupu kilikuwa mfukoni mwangu.

Fikirieni lupu ni nini. Yangu inakuza mara tatu, lenzi yake inakusanya mwanga kwenye umbali wa sentimita nane hivi, na skrini imewekwa hapohapo, kwenye umbali huo, ndiyo maana unaiona vizuri. Jua likiingia kwa upande wa jicho linakusanywa kwenye nukta hiyohiyo. Ni ule mchezo wa utotoni wa kuchoma karatasi kwa lenzi, safari hii karatasi ni skrini ya kamera inayokulisha. Nilirudi na kikombe mkononi, nikaweka jicho, nikadhani inzi katua. Nikapangusa. Nikapangusa tena. Doa halionekani kwenye picha iliyorekodiwa, lipo kwenye skrini tu, ila kila bibi harusi niliyempiga tangu siku hiyo ana kipele cha kahawia ninachokiona mimi peke yangu.

Mpira wa jicho ni wa hovyo. Ukitoka jasho unateleza, na shavu linawasha. Nimempa fundi cherehani akanishonea vifuniko vitatu vya flana, kila shughuli kimoja, nikirudi nafua. Msaidizi wangu ana chake. Hili msilipuuze hata kidogo: macho mekundu yakiingia kwenye timu kupitia mpira mmoja, mnaumwa wote na harusi ya Jumamosi haina mpiga picha. Alfajiri ziwani lenzi ya ndani inapata ukungu wa pumzi. Usiminye pua kwenye kibomba, basi.

Usiku sitaki hata kuiona. Niliingia nayo kwenye mtumbwi wa wavuvi wa dagaa, taa zinawaka juu ya maji, nzuri ajabu. Jicho moja ndani ya kibomba, mtumbwi unapanda na kushuka, ulimwengu wote umekuwa kisanduku kinachoyumba: dakika kumi nilikuwa nimeinamia ubavuni natapika mihogo. Na nikitoa jicho, lile lililokuwa kwenye skrini halioni kitu gizani, nakanyaga nyavu za watu. Usiku skrini peke yake inatosha, hakuna jua la kushindana nayo.

Kwa shilingi 190,000, kipande cha ndala na mpira wa tyubu, ningeinunua tena kesho, kwa mtu wa kazi za mchana. Wa kumbi za usiku atunze hela yake anunue betri.

Kanga bado inakaa kwenye begi. Nikiweka kamera chini, hata dakika moja, naitupa juu ya lupu na kuifunga fundo.