Rejeta ya gari kuukuu: tazama tangi la chini kwanza

Malalamiko ni yale yale. Rejeta imebadilishwa, injini haichemki tena hata kwenye foleni ya feri ya Likoni na AC ikiwaka, kisha baada ya miezi michache giaboksi inaanza kuteleza na fundi anasema gari imezeeka. Haijazeeka. Imenyweshwa maji.

Corolla NZE, Premio na Allion za miaka ya 2000 tunazoziona kila siku Mombasa nyingi ni za oto (zinajibadilishia gia zenyewe), na ndani ya tangi la chini la rejeta zake mna kipoza oili, yaani bomba fupi linalopitisha oili ya giaboksi katikati ya maji. Saizi na feni muuzaji atakupimia. Bomba hili hakuna anayekutajia.

Likitoboka huku injini inanguruma, oili ndiyo yenye msukumo mkubwa, hivyo huvuja kuingia kwenye maji. Ukizima gari, pampu ya oili husimama lakini maji bado yana moto na msukumo, basi zamu inageuka: maji huingia giaboksi. Kwenye kopo la akiba utaona utando kama maziwa yaliyotiwa rangi ya waridi, na stiki ya giaboksi, ile ya kupimia oili, itatoka na povu la rangi hiyo hiyo. Mafundi wengi wakiona utando ule hukimbilia gasketi ya silinda hedi. Hedi inafunguliwa, inachongwa, unalipa, na giaboksi inaendelea kunywa. Maji hulegeza gundi ya sahani za klachi zilizo ndani, na zikishaanza kubanduka hakuna oili itakayozirudisha.

Sasa, ya kununua. Namba moja ni Koyorad mpya, na sifichi upendeleo. Ni ya Kijapani, ya oto na ya manyuo (gia za kubadilisha kwa mkono) zina namba tofauti, na midomo ya mipira hukaa bila kulazimishwa. Hakikisha tangi la chini lina vibomba viwili vilivyozibwa na vifuniko vya plastiki. Usipoviona, hiyo ni ya manyuo, hata boksi liseme nini.

Ya Denso au ya Toyota yenyewe haina kosa ila bei, na gari la mwaka 2003 haliidai. Ukiipata kwa bei inayokaribiana na Koyorad, chukua.

Mtumba kutoka Japani ni wa tatu, na kwa sharti moja: ipimwe kabla ya pesa kutoka mfukoni. Jaza rejeta maji hadi shingoni. Ziba kibomba kimoja cha oili, na kwenye cha pili tia upepo wa PSI 30 hivi, kama wa tairi. Ngoja dakika 10 ukitazama shingo. Povu moja likipanda, iache hapo hapo. Tazama pia plastiki: nyeusi iliyogeuka kahawia imekauka na itapasuka kwenye mlima wa Mazeras. Pitisha kidole kwenye mapezi. Yakitoa unga mweupe, chumvi imeshayala.

Ya shaba ya kuchomelewa jua kali inarekebishika, sikatai, lakini muulize fundi wazi: kipoza oili umekirudisha? Zile za bei ya kutupa zisizo na jina, ziache.

Ipo njia nyingine ambayo wauzaji hawaipendi: funga kipoza oili cha kando mbele ya kondensa ya AC, uachane kabisa na kile cha ndani. Kwa joto letu la Pwani, oili haitapoa kupita kiasi.

Kama maji yameshaingia, usiliendeshe gari, livute. Badilisha rejeta kwanza, kisha mwaga oili na ujaze upya mara 3 au zaidi, takriban lita 3 kila mara, hadi itoke safi. Tumia aina iliyoandikwa kwenye stiki. Nyingi za magari haya ni T-IV. Kwenye rejeta mpya tia kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), lita 5 hadi 6, wala usijaze maji ya kisima yenye chumvi, maana alumini haiyawezi.

Na hawa wauzaji wetu! Mtu ana gari la oto, anapewa rejeta ya manyuo, anaambiwa "utaunganisha tu mipira miwili ya oili, itazunguka." Itazunguka, ndiyo, bila kupoa popote, na oili itaungua. Akirudi anaonyeshwa kibandiko cha ukutani: mali ikiuzwa hairudishwi. Kwa hiyo risiti iandikwe namba ya chesisi na neno "oto", papo hapo kaunta. Muuzaji akisita kuliandika, toka uende duka la pili.