Haiku ni mzuri, waifai ndiyo iliyonitoa roho

Nianze na sifa, maana nikishaanza kufoka sitarudi huku. Haiku ni mfumo endeshi wa bure ulionichekesha peke yangu kama mwehu. Nimebonyeza swichi, nimegeuka kumjibu mtoto, nikatazama tena: kila kitu kiko tayari, madirisha yana vichwa vyake vya njano, mshale unateleza. Hii ni laptopu ambayo Windows 10 ilikuwa ikiwaka huku maharage yanaiva.

Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitaki hizi mashine zetu za mtumba, nilibaki na laptopu mbili zisizo na kwao. Ningeweza kuzipiga Linux, mfumo mwingine wa bure, kama watu wengine. Nikavutwa na ukoo wa Haiku. Zamani kulikuwa na BeOS, mfumo mwepesi uliopendwa na wachache. Mwaka 2001 kampuni yake iliuza mali zake kwa kampuni ya Palm, na mwaka huohuo watu wa kujitolea wakaanza kuuandika upya, ndiyo huu Haiku. Mpaka leo wanasema bado wanajaribu. Nililoweka mimi ni toleo la majaribio la 5, la Septemba 2024. Subira hiyo naiheshimu, hata leo nikiwa na hasira.

Laptopu ya mama mdogo ilinyooka siku ileile. Yangu ikagoma kuona waifai. Nyumbani kwangu intaneti ni simu na bando, hakuna waya unaotoka ukutani, kwa hiyo bila waifai sina kitu. Wala sikuulaumu mfumo. Draiva nyingi za waifai, yaani programu za kuongea na kifaa, Haiku hukopa kutoka mifumo mingine ya bure, FreeBSD na OpenBSD, na chipu iliyomo kwenye laptopu yangu imetoka kwa kampuni inayoficha mambo ya vifaa vyake, waandishi wa draiva za bure wanabaki kupapasa. Dawa ni kubadili kadi. Kadi ni kadogo, skrubu mbili, vijiwaya viwili vya antena.

Basi nikaenda Kariakoo.

Fundi hakuinua macho kwenye simu yake. Nikamwambia nataka kadi ya waifai ya Intel, nikamtajia na aina. Akauliza ya nini. Nikamweleza. Akacheka, akamgeukia mwenzake, kisha akaniambia: "Dada, mlete mwenye laptopu tuongee naye."

Mwenye laptopu! Nimesimama mbele yake nimeikumbatia! Nikamwambia mwenyewe ni mimi. "Basi nikupigie Windows, achana na hayo mambo, yatakusumbua." Sikuomba Windows. Nimekuja na pesa yangu kununua kipande cha chuma kisichozidi kidole. Mpaka leo nikiosha vyombo namjibu yule kijana kichwani, na kila mara majibu yangu yanazidi kuwa makali. Akaniuzia kwa bei ya kunikomoa, nikalipa ili niondoke.

Nyumbani nikafungua mfuniko, nikachomeka, nikawasha. Skrini nyeusi. Sentensi moja ya Kiingereza inasema kadi ya mtandao isiyoidhinishwa imechomekwa, zima uitoe. Haiku hata haujapewa nafasi ya kuamka! Ndani ya BIOS, ile programu inayoamka kabla ya mfumo wowote, watengenezaji wa hii laptopu (siwataji, wanajijua) wameweka orodha ya kadi wanazozikubali, na kadi isiyomo kwenye orodha inaifungia mashine nzima. Husingizia sheria za mawimbi ya redio: eti kadi na antena vilithibitishwa pamoja. Sawa, lakini nani aliniambia wakati nanunua? Nimelipia mashine, naibeba, naichaji kwa luku yangu, halafu kuna mtu ng'ambo anayeamua nichomeke nini.

Nikarudi dukani kuirudisha. "Si nilikwambia dada?" Hakuniambia! Alichoniambia ni kumleta mwenye laptopu! Kitu kikitoka dukani hakirudi, ndiyo sera yao, imebandikwa ukutani kwa karatasi.

Usiku ule ningeulizwa, ningesema Haiku ni mchezo wa watu wenye muda na mashine za akiba. Ningesema uachwe. Nilikuwa nimeshaandaa flashi ya Linux.

Kilichouokoa ni waya wa chaji. Kumbe tangu toleo la majaribio la 4, la Desemba 2022, Haiku unaelewa simu ya Android iliyochomekwa kwa USB ikigawa intaneti. Nikachomeka, nikawasha kugawa kwenye simu, intaneti ikaingia. Hakuna kadi, hakuna fundi, hakuna orodha ya mtu. Nilipiga makofi, na mtoto akaja kuangalia kuna nini. Nikafungua HaikuDepot, duka la programu la Haiku, nikashusha kivinjari cha Falkon, maana kile unachokuja nacho kinahangaika na kurasa nzito.

Kwa hiyo ni mzuri? Mzuri sana. Ila ukifunga mfuniko haulali. Kulala bado haujajifunza, na betri ya mtumba ikiachwa hivyo inakwisha. Wala hakuna kuingia kwa nywila, anayewasha ndiye mwenye nyumba, kwa hiyo mambo ya benki siweki humo. Mama mdogo naye ameupenda kuliko mimi, anapangia mle nyimbo zake za kwaya, na kutafuta wimbo ni papo hapo kwa sababu jina la mwimbaji na la albamu huambatanishwa na faili, na mfumo huyaweka kwenye faharasa. Kumwekea mtu wa ofisi, hapana. Labda mwenye waifai ya Intel tangu kiwandani. Aujaribu kwenye flashi kwanza, hauhitaji kufuta chochote.

Kadi naiuza, bado mpya. Mnunuzi aangalie kwanza BIOS yake inakubali nini, na asinitumie mtu wa kuja kuongea kwa niaba yake.