Rubondo: kama unapenda msitu na ziwa, nenda

Kwa wale wanaoulizaga kama Hifadhi ya Taifa Kisiwa cha Rubondo inafaa au tubaki na Serengeti kila likizo, mimi nasema nenda, ila ujue unafuata nini. Huku hakuna simba wala chui, hakuna magari yamejazana kumzunguka duma mmoja. Sehemu kubwa ya kisiwa ni msitu mzito, na maji ya Ziwa Victoria yanayokizunguka nayo ni hifadhi, na kwa vile hao wala nyama wakubwa hawapo basi mnatembea kwa miguu na askari mpaka ndani kabisa. Hiyo tu kwangu inatosha.

Namba moja kwangu ni nzohe. Wengi hawamjui, ni swala wa kwenye matete, kwato zake ndefu na zinatanuka akikanyaga tope ndo maana hazami pale wenzake wangekwama, na akishtuka anajitosa majini anabakiza pua tu juu. Tulimkuta dume asubuhi pembeni ya matete, manyoya yamelowa mpaka tumboni, anatafuna taratibu wala hana habari na sisi, na hakuna aliyetaka kuondoka pale.

Sasa sokwe, maana ndo swali la kila mtu. Hawa sio wenyeji wa kisiwa. Waliletwa kati ya 1966 na 1969, jumla 17, kazi ya Bernhard Grzimek, mtaalamu wa wanyama wa Kijerumani, na shirika lake la uhifadhi la Frankfurt, na walitoka Ulaya kwenye bustani za wanyama na sarakasi. Yaani mnyama amekaa kizimbani miaka, halafu anafunguliwa mlango kwenye msitu asioujua na hakuna wa kumwambia tunda gani linalika, na wakaweza jamani! Wakajifunza kula, wakajenga viota juu ya miti, wakazaa na wajukuu wakazaliwa humohumo. Kiota tulioneshwa, matawi yamekunjwa kwa ndani yakashikana na majani bado mabichi, maana kila jioni sokwe anatengeneza kipya. Wenyewe tuliwasikia tu wakipiga kelele mbali. Wanahama kufuata matunda kwa hiyo hakuna wa kukuhakikishia, ukienda kwa ajili ya picha ya sokwe peke yake unaweza kurudi na kinyongo.

Twiga, tembo na mbega nao waliletwa. Faru weusi pia waliletwa ila hawapo tena, na hiyo iliniuma sana.

Kitu ambacho watu hawakiongelei ni kwamba kisiwa hiki kilikuwa na watu, wavuvi na wakulima, wakahamishwa miaka ya 60 kilipofanywa pori la akiba (1965), kikaja kuwa hifadhi ya taifa 1977. Muulize muongozaji habari hizo, usiishie kwenye wanyama, maana nyumba za watu nazo ni urithi wa pale. Na maji yale kufungwa kwa wavuvi kuna maana yake, ndo mazalia ya samaki, sato na sangara wanakulia humo halafu wanatoka nje kwenye nyavu za watu wa visiwa vya jirani. Kila nikila sato sasa hivi nafikiria hilo.

Usafiri ndo penye kazi. Kutoka Mwanza daraja la Kigongo-Busisi limeondoa ule usumbufu wa kusubiri feri, unapita Sengerema, Geita mpaka Chato, unapanda boti Kasenda. Nkome pia inawezekana ila majini ni mbali zaidi. Vukeni asubuhi kabla upepo haujaanza, na msikubali boti yoyote bila maboya ya kila mtu, kuna jamaa alitaka tupande hivyohivyo tukakataa tukangoja nyingine. Ukilala kwenye mabanda ya hifadhi beba chakula chako cha kutosha, dukani sio mahali pa kukimbilia ukiwa kisiwani.

Natoa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja naikata kwa gharama ya boti, kwa mtu mmoja inauma kweli, so tafuteni kundi mchangie na muulize bei kabla hamjaanza safari.