Cessna 172 ya mwaka 1978: niliyoyakagua kabla ya kulipa

Swali la kwanza aliuliza mama, nilipomwambia nataka kununua ndege. "Injini moja tu, mwanangu? Ikizimika juu ya mkondo je?" Yeye yuko Wete, Pemba, mie kazi zangu ziko Mjini Unguja. Mkondo wa Nungwi, bahari iliyo kati ya visiwa hivi viwili, hatuutaji kwa wepesi tangu ilipozama meli ya MV Spice Islander I Septemba 2011. Nilikuwa na leseni ya rubani binafsi na akiba ya miaka mingi, lakini jibu la swali lile sikuwa nalo. Nililitafuta kwenye ndege mbili. Moja niliiacha, moja ndiyo hii ninayoirusha sasa.

Ya kwanza ilikuwa bei rahisi, rangi mpya, viti vimeshonwa upya. Ilikuwa imekaa miaka kwenye kiwanja kimoja cha mwambao. Mwenyewe akasema injini ina saa 1,100 tu kati ya 2,000 za kabla ya matengenezo makubwa, bado mbichi. Nikaomba madaftari ya kumbukumbu za ndege. Kumbe katika miaka sita ndege ile iliruka saa 31. Hapo ndipo wengi tunapopotea: tunauliza injini imefanya kazi kiasi gani, hatuulizi imelala kiasi gani. Lycoming wenyewe, waundaji wa injini, wanataja saa 2,000 au miaka 12, lolote litakalotangulia. Injini ikilala, mafuta hushuka yote chini, kemshafti, mhimili unaofungua vali, hubaki kavu juu, na hewa yetu hii ya chumvi haingoji kualikwa.

Nilimchukua fundi mwenye leseni ambaye hana udugu wala biashara na muuzaji. Ada yake niliiona kubwa. Alipima mgandamizo wa silinda, zote nne nzuri, zaidi ya 70 kati ya 80. Muuzaji akatabasamu. Fundi akaniambia taratibu, "Shekhe, kipimo hiki kinasema habari za pistoni na vali. Kemshafti hakiioni." Akaomba kuikata filta ya mafuta. Muuzaji akakataa, wakavutana karibu nusu saa, mwishowe akakubali. Fundi aliikunjua karatasi ya filta juu ya kitambaa cheupe, akapitisha sumaku. Vichembe vya chuma vikasimama kwenye sumaku kama ndevu za mtu asiyenyoa siku mbili. Kisha akafungua kifuniko cha chini ya bawa, akaniita nichungulie kwa tochi. Kando ya ribiti kulikuwa na unga mweupe; nilipougusa ukabaki kidoleni. Hiyo ni aluminiamu inaliwa. Rangi mpya ilikuwa juu yake, inang'aa. Tuliondoka bila kubishana bei.

Ya pili ilikuwa imewekwa bara, mbali na bahari, ikirushwa karibu kila wiki. Ni toleo la 172N, na injini yake, O-320-H2AD, inajulikana kwa kemshafti inayochakaa mapema ikiachwa bila kuruka. Nililijua hilo nikanunua, nikajiwekea sharti la kuirusha kila wiki, masika na kiangazi. Kasoro kubwa tuliyoikuta ni reli za viti. Kwenye Cessna hizi matundu ya reli huliwa na pini, kiti kikateleza nyuma wakati wa kupaa, na rubani akauvuta usukani pamoja nacho. Watu wamekufa hivyo. Reli zilibadilishwa kabla sijalipa hata shilingi.

Kwa safari zenyewe inatosha. Inakwenda kama kilomita 200 kwa saa, inakunywa karibu lita 30 kwa saa hiyo. Viti ni vinne, ila tangi likijaa nahesabu watu wazima wawili na mizigo. Vipuri si taabu, kwani zimeundwa zaidi ya 44,000. Mafuta yake ni avgas, petroli ya ndege, yale ya buluu, si mafuta ya jeti ya zile Caravan za abiria. Ukikosea ukatia hayo, injini itazimika. Nasimama mwenyewe yanapotiwa, kisha natoa kidogo chini ya kila tangi kutazama kama kuna maji.

Sasa swali la mama. Injini ikizimika, ndege hii huteleza kama kilomita 2.7 kwa kila futi 1,000 za kimo. Kutoka Nungwi hadi kusini ya Pemba ni kama kilomita 50. Ukipita kwa futi 2,000 ukiwa katikati, utaangukia majini, hakuna mjadala. Kwa futi 9,500, pepo zikiwa shwari, unaweza kuifikia nchi kavu upande mmojawapo. Kwa hiyo napanda juu ya Unguja kwanza, nikikosa ruhusa au mawingu yakinizuia, siendi. Nimetoa pia kile kitoa ishara ya dharura cha zamani cha megahezi 121.5, maana satelaiti ziliacha kukisikiliza 1 Februari 2009. Nimefunga cha 406, ambacho zinakisikiliza.

Mama alipanda mara ya kwanza mwezi uliopita. Jaketi okozi nilimvalisha juu ya buibui nikamweleza asilijaze upepo akiwa ndani, maana litamzuia mlangoni. Akanisikiliza, akaukamata mpini wa mlango, akaufungua na kuufunga mara tatu kwa mkono wake. "Haya," akasema, "washa."