Hisa ya Nokia ikinunuliwa kutoka Mombasa: tathmini

Kwanza tuondoe linalowachanganya wengi. Simu ya tochi inayouzwa Biashara Street haitengenezwi na Nokia. Biashara ya simu iliuzwa kwa Microsoft mwaka 2014, na simu zilizokuja baadaye zikiwa na jina hilo ni za HMD, inayolipia leseni tu. Anayenunua NOK, alama ya Nokia katika soko la New York, ananunua redio za minarani, ruta, vifaa vya faiba na rundo la hataza, yaani haki za uvumbuzi.

Wako pia wanaoinunua kwa sababu ya kebo za intaneti za baharini. Ni kweli kwamba TEAMS, iliyofika Mombasa kutoka Fujairah mwaka 2009, ilitengenezwa na Alcatel-Lucent, na Nokia ikaimeza Alcatel-Lucent mwaka 2016. Lakini kitengo hicho cha kebo kiliuzwa kwa serikali ya Ufaransa mwishoni mwa 2024, Nokia ikabakiza asilimia 20. Kwa hiyo kebo mpya ikitua Nyali kesho, usitarajie kuiona kwenye gawio lako, yaani mgao wa faida wa mwenye hisa.

Sasa bei. Mwaka 2000 hisa hii ilipita euro 60. Mwaka 2012 ilikuwa chini ya euro 2. Tarehe 24 Oktoba 2019 kampuni ilisimamisha gawio, na hisa ikaporomoka kwa zaidi ya asilimia 20 siku hiyo hiyo. Januari 27, 2021, wanunuzi wa mitandaoni walipoivamia, iligusa karibu dola 10, ikafunga chini ya 7, na kesho yake ikawa chini ya 5. Aliyeingia kileleni alipoteza nusu ya pesa zake kabla ya jua kuchwa mara ya pili. Oktoba 28, 2025 ikaruka kwa zaidi ya asilimia 20 baada ya kampuni ya chipu ya Nvidia kutangaza kuweka dola bilioni 1 kwa bei ya dola 6.01 kwa hisa. Kusi na kaskazi zina miezi yake, nahodha huzijua. Hii haina msimu wa kutegemea.

Sababu iko kwenye wateja. Kampuni kubwa za simu ni chache, na huagiza mitambo kwa mikupuo. Mkataba mmoja ukiponyoka, pengo linaonekana kwenye hesabu za miaka kadhaa. Mwaka 2020 Verizon, kampuni ya simu ya Marekani, iliipa Samsung kazi ya dola bilioni 6.6. Desemba 2023 AT&T ikaipa Ericsson, mshindani wa Nokia, mkataba unaoweza kufika dola bilioni 14 kwa miaka 5, na Nokia ikabaki nje. Kisha kuna shida ya maghala: chipu zilipoadimika baada ya korona, wateja waliagiza kupita mahitaji, halafu 2023 wakaacha kuagiza ili wamalize vilivyolala stoo. Oktoba mwaka huo Nokia ilitangaza kupunguza hadi wafanyakazi 14,000. Watu wa mtaani hutazama minara ikiongezeka Likoni na Kilifi wakadhani biashara inanawiri. Mnara unaouona leo umelipiwa zamani.

Jambo la pili ni sarafu. Kampuni hufanya hesabu kwa euro lakini sehemu kubwa ya mauzo ni kwa dola. Julai 2025 ilishusha makadirio ya faida ya mwaka, ikitaja kudhoofika kwa dola na ushuru wa Marekani. Wewe unaongeza sarafu ya tatu juu ya hizo mbili. Aliyenunua dola kwa shilingi 160 mapema 2024 na kuziuza kwa 129 alipoteza asilimia 19 hata kama hisa haikutikisika.

Kinachowaumiza wanunuzi wa huku kuliko vyote ni saa. Nokia hutoa matokeo ya robo mwaka saa mbili asubuhi ya Helsinki, huko kwao Ufini. Majira ya joto ya kwao saa hizo ni sawa na zetu. Wakati wa baridi kwetu ni saa tatu. Soko la Helsinki, ambako hisa hii pia inauzwa, hufunguka muda wa saa mbili baada ya matokeo kutoka. New York hufunguka saa kumi na nusu alasiri ya Mombasa wakati wa joto, na saa kumi na moja na nusu wakati wa baridi. Maana yake, bei imeshapigwa Helsinki kwa zaidi ya saa sita kabla programu yako ya hisa haijakuruhusu kuuza katika kipindi cha kawaida. Aliyezoea soko la Nairobi, ambako bei ya siku imewekewa mpaka wa asilimia 10, hudhani kuna ukuta kama huo. Haupo. New York husimamisha biashara kwa dakika 5 tu bei ikikimbia mno, halafu inaendelea.

Kwa sababu hiyo, oda ya kukata hasara, inayouza yenyewe bei ikishuka hadi uliyoiweka, haikulindi kama unavyofikiri. Ukiiweka dola 5.50 na hisa ikafunga jana 6, kisha leo ikafunguka 4.90, oda yako inageuka kuwa ya bei ya soko na kuuzwa karibu na 4.90. Kinga ya kweli ni kiasi ulichonunua. Kununua tumia oda yenye ukomo wa bei, yaani bei ya juu kabisa unayokubali, uiweke nusu saa baada ya soko kufunguka, vurugu za mwanzo zikishatulia. Siku ya matokeo usiweke kabisa oda mpya, labda kama unapenda kamari, na hiyo ni tathmini nyingine.

Gharama nazo zichunguzwe kabla ya kufurahia kamisheni ndogo. Chukua mfano wa shilingi 100,000. Benki ya Barabara ya Nkrumah ikikuuzia dola kwa 131 unapata 763. Ikikata 30 za kutuma nje, zinabaki 733. Kamisheni dola 1, na kwa bei ya 6.01 unapata hisa 121 na chenji kidogo. Uza siku hiyo hiyo kwa bei ile ile, lipa dola 1 tena, benki ikate 10 kupokea na kununua dola zako kwa 127: unarudi na takriban 91,500. Hisa haikusogea, shilingi 8,500 zimekwenda. Viwango vya benki yako vitatofautiana, lakini fanya hesabu hiyo kwa karatasi kabla ya kutuma. Kutuma mara moja kwa robo mwaka ni nafuu kuliko kila mwezi.

Programu za humu nchini zinazopokea M-Pesa hupunguza usumbufu. Hapo angalia mambo mawili: leseni kwenye orodha ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na hisa zinaandikishwa kwa jina la nani. Kwa dalali wa nje, kosa la kawaida ni majina. Akaunti ya benki ikisema Mohamed na pasipoti ikisema Mohammed, pesa hukwama au kurudishwa huku makato yameshapita. Pesa kutoka akaunti ya mke au ndugu hazipokelewi. Fomu ya W-8BEN, ya kuthibitisha kwa ajili ya kodi ya Marekani kwamba wewe si mtu wa huko, huisha mwishoni mwa mwaka wa tatu baada ya ule uliotia sahihi, weka ukumbusho.

Gawio ni dogo. Kwa mwaka 2024 lilikuwa euro 0.14 kwa hisa, likilipwa kwa mafungu. Hisa 121 zinaleta euro 17. Ufini inaweza kukata hadi asilimia 35 mwenye hisa asipotambulishwa, zikabaki euro 11, kabla ya ada ya benki inayotoa hati zinazowakilisha hisa hizi New York. Asikuuzie mtu hisa hii kwa jina la mapato ya kila mwezi.

Swali la barazani, ni halali? Vigezo vya AAOIFI, taasisi ya viwango vya fedha za Kiislamu, vinataka deni la riba lisizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, na mapato yasiyofaa yasizidi asilimia 5. Thamani ya sokoni inapoyumba hivi, kipimo kinayumba nayo, kwa hiyo jibu la mwaka jana halitoshi. Akaunti ya kununua kwa mkopo ni riba waziwazi. Fungua ya pesa taslimu.

Alama zetu: 3 kati ya 5. Moja imepotea kwa bei kuruka kabla New York haijafunguka, nyingine kwa gharama za kwenda na kurudi. Aliye na chini ya shilingi 50,000 makato yatamla kabla ya soko. Aliye na zaidi asiipe hisa hii zaidi ya sehemu moja kati ya ishirini za akiba yake, na kabla ya kununua aangalie tarehe ya matokeo yajayo kwenye kalenda ya kampuni.